Ubeti Uliopungua Mizani Moja

  Leo nina jambo lililonikaa moyoni tangu Ramadhani iliyopita, na nimelichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza nilimalize na wenyewe ndipo nililete hewani.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Rafiki yangu alinitumia picha ya shairi kwenye WhatsApp: maandishi meupe, beti tano, nyuma yake bahari na jua linazama. Chini, upande wa kulia, palikuwa na nembo ya ukurasa fulani wa mtandaoni na onyo kwamba ni marufuku kunakili bila idhini ya ukurasa huo. Jina la mtunzi halikuwapo. Nikaanza kusoma. Mimi nina mazoea niliyotiwa tangu ujana: siwezi kusoma shairi la mapokeo bila vidole kuhesabu mizani. Nane kwa nane, nane kwa nane. Nikafika ubeti wa tatu, mshororo wa pili, vidole vikasimama. Ukwapi mizani nane, utao saba. Nikarudia. Saba. Nikalisoma kwa sauti, na kweli, pale mahali sauti ilichechemea kama mtu aliyeingiza mguu kwenye kishimo.

Shairi lile nalijua. Mtunzi wake ni yule yule mzee aliyenifunza kuhesabu. Alikuwa karani wa shamba la mkonge mkoani Tanga, na kila jioni, akishamaliza hesabu za watu, alikuwa akikaa na kaunta buku yake ya jalada gumu akatunga. Mengine akiyatuma gazetini kwa posta, mengine akiyaacha humo humo. Jina lake leo silitaji, na sababu mtaielewa mbele ya safari.

Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe ili nilinganishe, maana na mimi nilikuwa nimeliweka shairi hilo mtandaoni. Nikakuta utao ule ule una mizani saba. Yaani kosa lile lililokuwa likitembea nchi nzima juu ya picha ya machweo lilitoka kwangu. Mwaka wa pili baada ya msiba wa mzee nilikuwa nimeweka mashairi saba ya mzee: matano nikiyanakili kutoka vipande vya magazeti alivyonigawia mwenyewe, mawili kutoka karatasi za mkono wake. Nilifanya kwa mapenzi. Niliandika jina lake juu, nikaweka na dua. Watu wengi walinishukuru. Kisha mtu akayachukua, mwingine akayachukua kwa yule, jina likadondoka njiani, nembo ikaingia.

Wiki iliyofuata binti mkubwa wa marehemu akanipigia simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeliona shairi la baba linavyozunguka?"

"Nimeliona."

"Nani alilitoa?"

Nilinyamaza kidogo, halafu nikasema, "Ni mimi, dada."

Hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu: "Hukutuuliza." Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Yale mawili ya karatasi za mkono, baba yao hakuyatuma popote kwa zaidi ya miaka ishirini, na si kwamba alisahau. Moja lilikuwa la kumlaumu ndugu yake kwa mpaka wa minazi. Ndugu hao walipatana kabla ya kufa, wote wawili wamezikwa makaburi ya karibu, na leo wajukuu wao wanakaa baraza moja. Mimi, kwa mapenzi yangu, niliuchimbua ugomvi uliokwisha zikwa nikauweka mahali ambapo wajukuu hao wanausoma kwenye simu.

Nilijitetea, wasikilizaji. Nilisema sentensi tatu ambazo baadaye nimegundua kila mtu huzisema, na karibu kwa mpangilio ule ule. Dada, sikuchuma hata senti. Dada, jina la mzee nililiandika. Na ya tatu niliisema kwa upole zaidi: dada, mzee ameshafariki, kazi zake sasa ni zetu sote.

Ya kwanza ni fupi kujibu. Kutochuma kunaweza kupunguza ukubwa wa kosa, lakini hakutoi ruhusa. Haki ya mtunzi si ya fedha peke yake. Ni haki ya kuamua kama shairi litoke, litoke wapi na litoke vipi. Yale mawili hayakuwa yametoka kabisa. Mimi ndiye niliyeyatoa, na uamuzi ule haukuwa wangu.

Ya pili inawachanganya watu zaidi, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu. Kumtaja mtunzi ni wajibu. Sheria zetu zinatambua kwamba mtunzi ana haki ya kutajwa na haki ya kuzuia kazi yake isiharibiwe, na hizo ni haki nyingine mbali na zile za mapato. Lakini kumtaja mtu si kumwomba. Ukichukua baiskeli ya jirani ukazunguka nayo mjini ukimwambia kila unayekutana naye kwamba ni ya jirani, jirani bado anatembea kwa miguu. Jina huwa linatosha pale unaponukuu: umechukua kipande kinachoendana na hoja yako, uhakiki, somo darasani, habari, ukataja mtunzi na mahali ulipokitoa. Hilo linaruhusiwa karibu kila nchi, na ni jambo jema. Shairi zima la beti tano si kipande.

Ya tatu ndiyo kubwa. Nimeisikia kwa walimu, kwa wanafunzi, kwa watangazaji wenzangu, tena watu wasomi. Tunaamini kifo kinafungua mlango. Sheria inaanzia hapo kuhesabu. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya fasihi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Zanzibar ina sheria yake ya 2003, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006, na zote zimeshika hesabu hiyo hiyo ya miaka 50. Si kwamba nchi hizi ziliamua kuigana. Upo Mkataba wa Bern, uliotiwa saini Uswisi mwaka 1886, unaosema ulinzi wa kazi za fasihi usipungue miaka 50 baada ya kifo. Kenya iliingia 1993, Tanzania mwaka uliofuata. Na mkataba huo huo unasema haki inazaliwa pamoja na kazi, bila kusajili popote. Kwa hiyo yule anayesema mzee fulani hakwenda kusajili diwani yake kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na kwa hiyo hana haki, amekosea. Usajili unasaidia siku ya ushahidi. Haki yenyewe ilikuwapo tangu wino ulipokauka.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye hiyo miaka 50, maana yupo mtu mmoja anayetuonyesha hesabu hii vizuri kuliko yeyote. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga, akafariki Juni 1962. Sehemu ya pili ya wasifu wake aliiita Baada ya Miaka Hamsini. Yeye alikuwa akihesabu umri wake alipoandika jina lile, hakuwa na habari ya hakimiliki. Lakini mimi siku hizi nikiliona jalada la kitabu hicho nalisoma kama tarehe ya kalenda. Kifo 1962, ongeza 50, unafika 2012, na hesabu inamalizikia mwisho wa mwaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2013, hapa kwetu, maneno ya Shaaban Robert ni mali ya umma. Unaweza kuyasoma redioni, kuyachapa, kuyaweka mtandaoni, kuyaimba, kuyaingiza kwenye tamthilia ya shule, bila kumlipa mtu wala kumwomba mtu.

Mimi nilikuwa mtangazaji mwezi ule wa Januari. Sikumbuki mtu yeyote aliyelitaja. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu katika karne iliyopita alikabidhiwa kwetu sote, na sisi hatukufungua hata mkono kupokea.

Na si yeye peke yake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuwa Meya wa Dar es Salaam kisha waziri, ambaye kitabu chake cha 1954 cha sheria za kutunga mashairi ndicho kilichomfunza mzee wangu, alifariki 1964. Kazi zake zimekuwa za wote tangu Januari 2015. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma aliyetupa ngonjera, alifariki 1969, na hesabu yake ilimalizika mwisho wa 2019. Mwalimu mmoja wa sekondari aliwahi kuniuliza aombe kwa nani ruhusa ya kuigiza ngonjera za Mnyampala kwenye mahafali. Alikuwa amekaa mwaka mzima akitafuta. Nilipomwambia haombi kwa mtu, akaniuliza mara tatu kama nina hakika.

Mpeleke mwalimu huyo huyo kwa Euphrase Kezilahabi, jibu linageuka. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kichomi ya 1974, Karibu Ndani, Dhifa, zote ziko chini ya ulinzi mpaka mwisho wa 2070. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa mtu wa makamo siku mashairi ya Kezilahabi yatakapokuwa ya kila mtu. Na bado faili za pdf za vitabu hivyo zinapita kwenye makundi ya wanafunzi kama karanga za kuonja, na kwenye maduka ya steshenari karibu na vyuo unakuta kitabu kizima kimetolewa fotokopi na kutiwa jalada, kinasubiri mnunuzi mezani.

Ndicho kinachoniuma, kwamba tumeshika ufunguo kichwa chini. Kilicho wazi tunakiogopa, kilichofungwa tunakigawa. Kuna kurasa zinazoweka maneno ya Shaaban Robert kwenye picha, zikagonga nembo yao juu na kuonya watu wasinakili. Picha waliyoichora ni yao, sawa, na mpangilio wa rangi ni wao. Maneno si yao na hayatakuwa yao hata wakiyagonga nembo mara mia. Halafu kurasa hizo hizo zinachukua shairi la mtu aliyefariki juzi, zikafuta jina, zikagonga nembo ile ile.

Wazee wetu wa kunakili walikuwa na adabu nyingine. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi nyingi sana kwa hati za Kiarabu, na nyingi zimehifadhiwa leo katika maktaba za Ulaya. Yeye mwenyewe alikuwa malenga, na mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza. Desturi ya wanakili wa zama zile ilikuwa kuandika mwishoni nani amenakili na kwa ajili ya nani, na kuomba dua ya msomaji. Mnakili alijulikana kuwa mnakili na mtunzi alijulikana kuwa mtunzi. Hapakuwa na sheria ya 1999 wala ya 2001.

Hapa lazima niingize tahadhari moja, maana wapo watakaonisikia wakakimbilia kuweka mtandaoni kila chenye jina la mshairi wa zamani. Chukua Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyu aliishi zama za utawala wa Mazrui, akafariki karibu mwaka 1840. Hakimiliki haimhusu kabisa. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa wazee wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyafafanua, yeye akishirikiana na mmisionari William Taylor. William Hichens akayatoa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Kisha 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu Muyaka, kikiwa na tafsiri, maelezo ya maneno magumu, na habari za Mombasa ya wakati ule. Mwanafunzi anayepiga picha kitabu kile ukurasa kwa ukurasa na kukirusha hewani anaamini anamsambaza Muyaka. Anamsambaza Abdulaziz. Beti za Muyaka zichukue ulivyotaka. Tafsiri na maelezo ni jasho la mtu mwingine, na jasho hilo lina hesabu yake.

Hata kwa Shaaban Robert ni hivyo. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958. Mhariri wa kitabu ni Ulenge mwenyewe. Maneno ya kaka ni ya kaka, maneno ya mhariri ni ya mhariri. Na barua zinafundisha jambo ambalo wengi wetu hatulijui: anayepokea barua anamiliki karatasi, lakini haki ya maneno inabaki kwa aliyeandika. Mimi nilikuwa na karatasi mbili za mkono wa mzee, kanipa yeye mwenyewe, zimo kwenye droo yangu mpaka leo. Karatasi ni zangu. Nilidhani na maneno yamekuja nazo.

Nije kwenye mirathi, maana hapa ndipo tatizo linapozaliwa nyumbani, kabla halijafika mtandaoni. Haki ya mtunzi inarithiwa kama nyumba na shamba. Siku ya kugawa mirathi watu huhesabu minazi, mabati, cherehani, akiba ya benki, mpaka baiskeli. Kaunta buku haihesabiwi. Inabaki juu ya kabati, au inachukuliwa na mjukuu aliyekosa daftari la shule, na nimewahi kuona mashairi ya mtu yamegeuka karatasi ya kufungia ubuyu. Mzee wangu aliacha mjane na watoto wanne. Kwa hiyo mashairi yale ni ya watu watano, na mmoja wao anafanya kazi Muscat. Nani anatoa ruhusa? Kama hakuna aliyeteuliwa, yeyote anaweza kulaumiwa na mwenzake. Dada huyu alipokuwa akinilaumu mimi, na yeye alikuwa tayari ameshalaumiwa na nduguye wa Muscat, aliyedhani dada ndiye aliyeniuzia.

Na kama mzee alichapisha kitabu, lazima mtafute mkataba. Yapo mambo mawili ambayo mtu asiye makini huyaona kuwa moja: kumpa mchapishaji ruhusa ya kuchapa, na kumwachia haki zote moja kwa moja. Ukiwa na la kwanza, haki inarudi nyumbani. Ukiwa na la pili, unaweza kuwa unamzuia mtu kwa haki ambayo familia ilishaiuza mwaka mzee alipokuwa na shida ya ada. Kutuma shairi gazetini kwa posta, kama alivyokuwa akifanya mzee wangu, si kuuza. Gazeti limechapa siku ile, basi.

Sisi wa redio nasi tusijitoe. Makabati ya redio yana kanda za washairi wakisoma kwa sauti zao wenyewe, na siku hizi kanda hizo zinavuja mpaka YouTube. Kwenye kanda moja kuna haki ya mtunzi juu ya maneno, haki ya aliyesoma au kughani, na haki ya kituo kilichorekodi. Ndiyo sababu sheria yetu inataja hakimiliki na hakishiriki pamoja. Kituo kikikuruhusu, kimekuruhusu kanda. Shairi bado lina wenyewe.

Najua linalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nimelisema kwa hasira: bila sisi tunaosambaza, washairi hawa watakufa mara ya pili. Diwani haichapwi tena. Maktaba ya mkoa ina nakala moja, nayo imeng'olewa kurasa. Kijana wa Kigoma anataka kusoma tungo za mzee wa Tanga, atazipata wapi kama si kwenye simu? Hoja hii siidharau hata kidogo. Miaka 50 ni mingi. Kitabu kinaweza kutoweka kabisa ndani ya muda huo, na sheria ikabaki inalinda kitu ambacho hakuna anayekiona. Wapo warithi wasiojulikana waliko. Wapo wanaojulikana lakini wanakataa kwa woga tu, wakidhani kuna mamilioni wanaibiwa. Wapo wanaotaja bei ambayo hata serikali ingekimbia. Natamani siku moja sheria zetu zifungue njia rahisi kwa kazi ambazo wenyewe hawapatikani, maana kumwacha mtu aamue peke yake kati ya kuvunja sheria na kuacha shairi lipotee ni kumwonea.

Lakini nikijipima mwenyewe kwa haki, sikuwa katika shida hiyo. Namba ya simu ya dada huyu ilikuwa kwenye simu yangu tangu siku ya mazishi. Nilikula pilau ya hitima nyumbani kwao. Simu moja ya dakika tano ingetosha, na sikuipiga kwa sababu sikudhani kuna cha kuuliza. Na nikikumbuka wale wote ninaowajua walioweka kazi za marehemu mtandaoni, wengi wao wanaijua familia, au wanamjua anayeijua familia. Kiswahili chetu hakijawa kikubwa kiasi cha mshairi kukosa mtu wa kumuulizia.

Baada ya ile simu nilishusha mashairi yote saba siku hiyo hiyo. Ile picha ya machweo sikuweza kuishusha. Niliuandikia ukurasa wenye nembo, na baada ya siku kadhaa wakaiondoa kwao, ila kwa watu imeshasambaa. Nikaenda Tanga. Tulikaa ukumbini kwa dada, mjane akiwa kitandani chumba cha pili mlango wazi ili asikie, na watoto wawili wengine wakaja. Tukaandika karatasi moja kwa mkono. Imesema mashairi matano yaliyowahi kutoka gazetini yaweza kurudi kwenye ukurasa wangu, kwa jina kamili la mzee na tarehe za gazeti. Yale mawili hayatoki. Jina lake lisitumiwe mahali pengine popote bila kuwaambia. Wakatia saini, nami nikatia, na nakala ikapigwa picha ikatumwa Muscat.

Kisha dada akaenda juu ya kabati akashusha kaunta buku. Nilikuwa sijaiona tangu mzee yuko hai. Tukaanza kulinganisha, yeye akisoma, mimi nikifuata kwenye kipande cha gazeti. Tulipofika ubeti wa tatu, mshororo wa pili, aliposoma ule utao nilimwomba arudie. Mzee alikuwa ameandika neno la Kimtang'ata, neno la nyumbani kabisa, lenye silabi tatu. Mhariri wa gazeti, miaka ile, alilibadili likawa la Kiswahili sanifu lenye silabi mbili, bila kuhesabu. Mimi nikanakili gazeti. Watu wakaninakili mimi. Mzee hakuwahi kupungukiwa mizani.

"Soma sasa," dada akaniambia. Nikasoma, vidole vikitembea juu ya goti. Nane kwa nane. Kutoka chumba cha pili mjane akalimalizia kibwagizo kwa kichwa.

Msikilizaji makini ameshajiuliza mbona leo nimezungumza habari za mashairi muda wote huu na sijasoma hata ubeti mmoja wa mzee huyu. Karatasi yetu ilitaja ukurasa wa mtandaoni. Haikutaja redio, na nilipoisoma tena usiku ule nikaona sina ruhusa hiyo. Nimemwomba dada. Kasema yeye hana neno, lakini awaulize wenzake kwanza, na huyo wa Muscat kazi yake ni ya zamu, hupatikana usiku.